Kule Cornwall, njia za shaba zimekuwa njia za kinga

Uingereza, kwenye pembe ya mwisho ya kusini-magharibi, iko jimbo linaloitwa Cornwall. Mule kuna njia moja ya changarawe inayotoka bahari ya kaskazini, inapita katikati ya vilima na vijiji, inaenda kutokea bahari ya kusini. Urefu wake ni kilometa 17 na nusu. Kamio haipiti humo, hata gari ndogo haipiti. Mara moja moja inakatiza barabara ya kijiji, kiisha inajificha tena kwenye vichaka. Wanaopita ni watu wa miguu, watu wa farasi, na zaidi sana watu wa kinga.

Kama ingekuwa njia ya watalii tu, hatungeitilia wino hapa. Tunaiandika kwa sababu ilitengenezwa na watu wa shaba, kwa ajili ya shaba. Mwanzoni mwa karne ya 19, theluthi mbili za shaba ya dunia zilitoka Cornwall na Devon ya jirani. Wakati ule huku kwetu mafundi wa zamani walikuwa wangali wanayeyusha shaba kwa mikono na kuifanya misalaba. Tanuru la Lubumbashi lilimwaga shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na mwaka ule shaba ya Cornwall ilikuwa imekwisha kufa. Wajukuu wa wachimbaji walibaki na mashimo, na maji machafu, na njia ambazo hazikuwa tena na mzigo wa kupitisha.

Njia hizo njo watu wanapita leo na kinga.

Tuseme kwanza juu ya kinga yenyewe. Wazungu wanaiita «gravel», ni kusema changarawe. Usukani wake umepinda kwenda chini kama wa kinga ya mashindano, lakini tairi ni pana, milimeta 40 hivi, na haijazwi upepo mpaka iwe ngumu kama mbao, juu tairi laini kidogo inameza mawe. Kati ya tairi na fremu kuna nafasi ya matope kupita. Gia ndogo iko, ya kupandia mulima bila kushuka. Katika maduka ya Ulaya wanaiuza kama kitu kipya. Sisi tunacheka kidogo. Baba anayetoka porini saa kumi ya usiku na magunia ya makala, juu ya kinga ya chuma aliyoiongezea vyuma nyuma ili ibebe, yeye ni mutu wa «gravel» tangu ujana wake, paka hakuna aliyemupa jina lile, wala kofia ya kukinga kichwa.

Sasa tushike njia. Tunaanza Portreath, kijiji cha bandari ndogo kilichobanwa na miamba. Mawe ya shaba yaliteremka mpaka hapa, yakapakiwa kwenye mashua kwenda Swansea, katika Wales, kuyeyushwa. Juu ya nini hawakuyeyusha kwao? Juu Cornwall haina makaa ya mawe, na siku zile tanuru lilikula makaa mingi kupita uzito wa madini yenyewe. Ilikuwa afadhali kupeleka jiwe kwenye makaa kuliko kuleta makaa kwenye jiwe. Mashua zilirudi na makaa ya kuwashia mashini za kuvuta maji migodini. Wazee wetu wanajua mambo ya namna hii: tanuru la Lubumbashi nalo lilianza kazi kwa koki ya Wankie, iliyoletwa na treni kutoka nchi inayoitwa leo Zimbabwe.

Mwaka 1809 walianza kuweka reli kutoka Portreath kwenda migodini. Haikuwa treni ya moshi. Yalikuwa magari madogo yaliyovutwa na farasi, juu ya reli zilizofungwa kwenye mawe ya granite yaliyotobolewa. Mpaka leo kuna sehemu unaona mawe yale ardhini, pamoja na matundu yao. Na hapa iko siri ya njia hii kwa mutu wa kinga. Farasi hawezi kuvuta mzigo kwenye mwinuko mkali. Basi watu waliopima njia walitafuta mteremko mpole: wakazunguka kilima mahali pa kukipanda, wakakata ukingo huku, wakajaza bonde kule. Cornwall ni nchi ya vilima visivyokupa nafasi ya kupumua. Barabara zake za magari zinapanda na kushuka kama ngazi. Lakini ile njia ya farasi inapanda polepole sana, unakanyaga bila kujua kama unapanda. Mama anaweza kupita na mutoto nyuma. Mzee wa miaka sabini anaweza. Kazi ya jasho waliifanya wengine, miaka mia mbili iliyopita, kwa sururu na beleshi.

Baada ya mashamba na msitu mdogo, zinaanza kuonekana nyumba za mashini. Ni majengo marefu ya mawe, kila moja na bomba la moshi pembeni, yamesimama peke yake juu ya vilima bila paa. Ndani yalikuwa na mashini kubwa za mvuke za kuvuta maji kutoka chini. Majina ya migodi mingi yanaanza na neno moja: Wheal Busy, Wheal Peevor, Wheal Jane. Katika lugha ya zamani ya Cornwall, neno lile maana yake ni kazi, ao mahali pa kazi. Na kweli, ukimwuliza mutoto wa kampi baba yake ameenda wapi, atakujibu: kazini. Hatasema: mugodini.

Kiisha unaingia bonde la Poldice. Hapa mambo yanabadilika. Majani yanapungua, udongo unakuwa na rangi ya kutu na ya kijivu, kuna sehemu hakuna kitu kinachoota. Mutu wa Likasi ao wa Kipushi hatahitaji maelezo. Ni taka za madini, zimekaa pale zaidi ya miaka mia moja, na mvua haijazisafisha. Mabango yanawaambia watu wabaki juu ya njia. Mashimo ya zamani yako kila mahali. Mengine yamefunikwa kwa kofia ya wavu wa chuma iliyochongoka kama mutungo, na matundu yake yameachwa makubwa kusudi popo waweze kutoka na kuingia. Popo wale wanalindwa na sheria. Tunasema tu: kule hata popo wa mugodi uliokufa ana sheria yake.

Tusimame kidogo juu ya watu, si juu ya mawe tu. Katika viwanja vya Poldice na migodi ya jirani, kazi ya juu ya ardhi ilikuwa ya wanawake na wasichana. Walivunja mawe kwa nyundo, wakachagua yenye shaba na yasiyo na shaba, wakayasaga tena kwa nyundo pana mpaka yakawa kama chumvi. Walivaa kofia nyeupe za kitambaa kukinga uso na jua na vumbi. Wengi walianza wangali watoto, miaka kumi hivi. Mshahara wao ulikuwa sehemu ndogo ya mshahara wa mwanaume, na pesa ile njo ilinunua unga nyumbani wakati baba hakupata mkanda mzuri. Wako mama kati ya wasomaji wetu wanaotwanga na kuosha mawe hivi leo. Mikono yao inajua habari hii kuliko kalamu yetu.

Karibu na pale kuna shimo la mviringo lenye ngazi za majani, Gwennap Pit, ambamo John Wesley alianza kuhubiri mwaka 1762. Watu wa kule wanasema ni ardhi iliyodidimia juu ya mugodi wa zamani. Wamethodisti wa Katanga, ambao ni wengi, watafurahi kusikia kama mwanzilishi wao alikuwa na kanisa ndani ya shimo la wachimbaji.

Mbele tena iko kijiji Twelveheads, na jirani yake unatokea mdomo wa kitu ambacho tungependa kila mwanafunzi wa polytechnique akijue. Mwaka 1748, Poldice walianza kuchimba handaki la kutolea maji migodini bila mashini, kwa mteremko tu, mpaka kwenye mto Carnon. Migodi mingine ikajiunga, handaki likaongezwa matawi, na mwishoni likafikia zaidi ya kilometa 60 chini ya ardhi, likikausha migodi zaidi ya arobaini. Waliolichimba wamekufa zamani, kompanyi zao zimesahauliwa. Maji yangali yanatoka.

Maji hayo yanatuleta kwenye jambo zito la bonde hili. Jirani ya njia ulikuwa mugodi wa Wheal Jane, wa kasiterite, lile jiwe la Manono, na zinki. Ulifungwa mwaka 1991. Pampu zikazimwa, maji yakapanda ndani ya mashimo, na katika kupanda yakaosha vyuma vyote vilivyokuwa mle: chuma, zinki, kadmiumu, arseniki. Januari 1992 kizuizi kikapasuka. Makumi ya mamilioni ya lita yakaingia mto Carnon kwa mara moja. Mto ukawa rangi ya machungwa, rangi ile ikateremka mpaka baharini, watu wakaiona kutoka mbali. Ilibidi kujenga kiwanda cha kusafisha maji, na kiwanda kile kinafanya kazi mpaka leo, kwa pesa ya serikali, ni kusema ya watu wanaolipa kodi, pamoja na wale ambao babu zao hawakupata hata faida moja ya mugodi. Hakuna tarehe ya kukizima. Mugodi wenyewe, katika maisha yake ya karne ya 20, ulifunguliwa mwaka 1971 tu: miaka ishirini ya kutoa madini, na zaidi ya miaka thelathini tayari ya kusafisha.

Mutu anayepita pale na kinga Jumapili anaona mto, anaona ndege. Pengine hajui.

Bissoe, kilometa chache mbele, kulikuwa na kiwanda cha arseniki. Sumu ile ilitoka katika mawe ya shaba na kasiterite. Badala ya kuitupa waliipika, wakaiuza kwa kutengeneza rangi na dawa ya kuua wadudu wa pamba Amerika. Wafanyakazi walijipaka udongo kwenye ngozi na kuziba pua kwa pamba. Hiyo njo ilikuwa kinga yao, neno lenyewe kwa maana yake ya kwanza. Leo Bissoe wanakodisha kinga za kukanyaga, na kuna mahali pa kunywa chai.

Kutoka hapa mpaka Devoran njia inafuata reli ya pili, ya Redruth na Chasewater, iliyoanza kazi miaka ya 1820, kwanza na farasi, kiisha kutoka 1854 na vichwa vya treni viwili ambavyo majina yao yalikuwa Mchimbaji na Myeyushaji. Ilifungwa mwaka 1915. Devoran ilikuwa bandari; mchanga na matope ya migodi vimeijaza, mashua kubwa haziingii tena. Njia inakwishia pale, kwenye ukingo wa mawe na matope.

Ziko njia zingine za namna ile katika eneo lile, zote pamoja kama kilometa 60. Moja inazunguka mulima wa Carn Brea, kilometa 12, ikipita kwenye magofu ya migodi ya kasiterite iliyofunguliwa wakati shaba ilianza kuwatoroka. Mlimani hapo karibu alizaliwa mwaka 1771 Richard Trevithick, mutoto wa msimamizi wa mugodi. Huyo njo aliendesha kichwa cha treni cha kwanza cha moshi juu ya reli, mwaka 1804. Alifika mpaka migodi ya Peru. Alikufa mwaka 1833, masikini.

Sasa, tusidanganyane. Shaba ya Cornwall ilianguka bei mwaka 1866, juu Chile na Michigan walikuwa wanatoa mingi na kwa bei ndogo. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakapanda meli kwenda Australia, Mexico, Amerika, kiisha Johannesburg. Wanawake wakabaki wakingojea barua yenye pesa. Mugodi wa mwisho wa kasiterite, South Crofty, ulifungwa mwaka 1998. Miaka michache baadaye Cornwall ilihesabiwa kati ya sehemu masikini za Ulaya ya magharibi, na njo sababu Umoja wa Ulaya uliwapa msaada wa pekee. Sehemu ya pesa ya namna ile ilisaidia kutengeneza njia hizi, na mwaka 2006 UNESCO ikaweka migodi ile ya zamani katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye kukodisha kinga anapata, mwenye chai anapata. Lakini hesabu ya kazi zilizopotea na hesabu ya kazi za chai hazikutani. Anayewaambia kama utalii utachukua nafasi ya mugodi, mumwombe alete karatasi ya mishahara. Wenyewe kule wanaelewa: tangu mwisho wa 2023 kompanyi moja inavuta maji South Crofty ili kuufungua tena, na watu wengi wa Camborne wanangojea kwa hamu.

Basi njia ile inatufaa na nini sisi wa huku?

Kila anayekaa kati ya Kolwezi na Kasumbalesa anajua barabara yetu. Makamio yanashuka na shaba na kobalti, yanapanda na salfa, chokaa na asidi, usiku na mchana. Kandokando, kwenye ukingo wa lami uliovunjika, wanapita wenye kinga: wa makala, wa mihogo, wa maji, watoto wa masomo, wachimba wa mikono wanaotoka kazini. Kiangazi, vumbi linawafanya wasionekane. Kamio ikipiga honi, mwenye mzigo wa magunia matatu hana pa kuruka. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zimekwisha kulia mutu wao kwenye barabara ile.

Hatusemi watu wang'oe reli zetu wapitishe kinga. Reli zetu zingali na kazi; afadhali zibebe mzigo zaidi ili makamio yapungue. Tunachokiangalia Cornwall ni kitu kidogo zaidi: njia ya pembeni, iliyotengwa na magari, yenye mteremko mpole, ya changarawe iliyosindiliwa vizuri. Haihitaji lami. Kompanyi za mugodi zina mashini za kusawazisha udongo, zina mawe, zina wapimaji. Katika kilometa za karibu na mugodi, ambapo makamio ni mengi zaidi, kazi kama ile kwao ni ndogo.

Na sheria iko. Kodi ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kila kompanyi kuandikiana «cahier des charges» na jamii za mahali, tena inalazimisha kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Wajumbe wa jamii wanakaa katika chombo kinachosimamia pesa ile. Mara nyingi wanaomba madarasa, zahanati, visima. Ni vizuri, na hatuwaambii waache. Lakini mutoto anayefika darasani lazima apite mahali.

Kama jamii yenu inataka kuomba njia ya kinga, mapendekezo yetu ni haya. Njia isiwe mstari wa rangi pembeni ya lami. Kamio haiheshimu rangi. Iwe nyuma ya mtaro ao nyuma ya miti. Upana uwatoshe wawili wenye mizigo kupishana. Ipimwe mbali na mabwawa ya taka na mbali na mitaro ya maji ya kiwanda, juu bonde la Carnon limekwisha kutuonyesha sumu inavyokaa. Changarawe isitoke kwenye taka za madini, hata kama ni ya bule na iko karibu. Mteremko ufuate kilima, usikipande: mwenye kilo mia moja na hamsini za makala ni yule farasi wa Portreath. Na katika mkutano, kabla ya kupiga picha na bango, mama mmoja asimame aulize: mvua ya Desemba ikila njia, nani ataijaza, na pesa yake imeandikwa kwenye ukurasa gani?